Mbuzi wa Wakaguzi

Kijiwe cha Ufukoni, pale nyuma ya duka la vipuri, hakina anasa: mbao moja ndefu juu ya matofali, jiko la mkaa, birika, na Bi Somoe mwenye ulimi mkali kuliko tangawizi anayoitia kwenye kahawa. Wanaokaa hapo wana majina waliyopewa na wazazi wao, lakini hayatumiki. Gideoni anaitwa Wakili, kisa aliwahi kwenda mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa kuku aliyeibwa. Isaya ni Redio, maana habari huitangaza kabla haijatokea. Americo ni Kamera. Babu yake alivuka Ruvuma na jembe begani, mjukuu kaona kulima kunachosha, anapiga filamu za vichekesho. Na Jafari, maskini wa Mungu, ni Geti, mlinzi wa ofisi moja kubwa pale mjini. Ijumaa hiyo watu walikuwa wametoka msikitini, kahawa imeshamiminwa, na Jafari hajagusa kikombe chake. Alikuwa anaogopa. Usimcheke, hata wewe ungeogopa.

— Someni wenyewe, alisema Kamera, akaiweka barua juu ya mbao. Miaka yote napeleka filamu kwa wakaguzi, inarudi imekatwakatwa. Hii inayoonyeshwa kesho ukumbini imerudi nzima.

— Nzima nzima? aliuliza Wakili.

— "Hakuna kipande cha kuondolewa. Inafaa kwa rika zote." Na muhuri juu.

— Sasa si ufurahi? alisema Somoe. Utaratibu si umebadilika? Hawakati tena, wanapanga umri tu.

— Nifurahi vipi, dada yangu, na mbuzi yumo ndani?

Hapo pana maelezo. Enzi za mkasi, Kamera alijifunza kwamba mkaguzi hakubali kuondoka mikono mitupu. Usipompa cha kukata, atakata penye utamu. Kwa hiyo kila filamu aliitilia kipande kimoja kibaya makusudi, chenye dharau mpaka basi, akakiita mbuzi. Wakaguzi wanamchinja mbuzi, roho zao zinatulia, filamu inapona. Mwaka huu mbuzi alikuwa Jafari. Alicheza mkubwa anayezindua bomba la maji, na mwendo na kikohozi aliviazima kwa bosi wake mwenyewe, yule anayemfungulia geti kila asubuhi. "Jiachie," Kamera alimwambia siku ile wanapiga, nyumbani kwa mjomba wake kule karibu na Mnazi Bay. "Hakuna jicho litakaloona." Jafari akajiachia kweli kweli.

— Kikate wewe mwenyewe basi! alisema Jafari. Sauti ilimtoka nyembamba mpaka akaona aibu.

— Thubutu! Wakili alidaka. Barua imesema dakika ngapi?

— Sabini na mbili.

— Ukikata zinabaki sabini. Hapo unaonyesha filamu ambayo haijakaguliwa. Kosa! Ukiacha, umemtukana mkubwa. Kosa! Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Somoe.

— Mahakamani inaingia popote.

Redio alikuwa anatafuna kashata, akaimeza haraka kabla hajapitwa.

— Ninyi hamjui kitu. Hawakukata makusudi. Wanataka kujua nani atacheka.

— Watajuaje? aliuliza Kamera.

— Kuna mashine, kaka. Inafungwa chini ya viti. Kicheko kimoja, jina moja.

— Mashine italijuaje jina langu? aliuliza Somoe.

— Laini yako ya simu umesajili kwa nini?

— Kwa kidole.

— Haya.

Wakili akatoa simu yake mfukoni, akaizima, kisha kwa usalama zaidi akaitoa na betri. Jafari naye akazima ya kwake, ingawa akili ilimwambia huo ni upuuzi mtupu. Akili na woga havikai mkao mmoja; woga ukija, akili inasimama pembeni na kutazama.

— Basi watu wasicheke, alisema Somoe. Waangalie, wanyamaze, waende zao.

— Mbaya zaidi! alisema Wakili. Watu mia mbili wamekaa kimya mbele ya filamu ya vichekesho? Hayo ni maandamano, tena bila kibali. Haba na haba hujaza kibaba, mama. Leo hawakukata filamu, kesho wanakata kichwa.

— Mbona mnamtisha mwenzenu? alisema Somoe. Mtazameni anavyotoka jasho.

— Simtishi, namwandaa. Geti, usiwe na wasiwasi. Bosi wako mtu wa Shangani, kwa wakubwa, na jioni zake anatembea ufukweni na familia. Hawezi kuja kwenye ukumbi wa mabenchi.

Jafari akainamisha kichwa. Jibu la hilo alikuwa amekaa nalo tangu asubuhi.

— Anakuja, alisema.

— Nani anakuja?

— Bosi. Kadi ya mgeni rasmi imepitia getini, nimeipokea kwa mkono wangu huu. Kamera, nani alimwandikia kadi?

Kamera akakuna kisogo.

— Niliandika mwezi uliopita, kabla barua haijaja. Nilijua mbuzi atachinjwa, Geti. Wallahi nilijua.

— Leo asubuhi kashusha kioo cha gari. Kaniita. Kakohoa mara tatu, kama anavyokohoaga. Kasema, "Jafari, nasikia umo kwenye filamu. Kesho nakuja kukuona." Kacheka, kapandisha kioo.

— Kacheka vipi? aliuliza Redio. Kwa meno au kwa mdomo?

— Sijui! Nilikuwa naangalia chini!

Hakuna aliyetania tena. Mkataba wa Jafari unaisha mwisho wa mwezi, na sahihi inayouhuisha ni ya mtu huyo huyo. Nyumbani ana mke, Rukia, na watoto watatu, mkubwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Alitamani mkasi. Katika maisha yake hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwakumbuka wakaguzi hivyo.

Bajaji ikasimama. Akashuka msichana mwenye miwani, mgeni kijiweni.

— Hamjambo? Shikamoo mama. Naitwa Telma, natoka ukumbini. Nimefuata flashi ya filamu ya kesho. Fundi anataka aijaribu kabla ya saa kumi.

— Kuna tatizo dogo, alisema Kamera, akaanza kumweleza, na Wakili akamsaidia, na Redio akamsaidia Wakili, mpaka mashine ya chini ya viti ikafika Dar es Salaam na kurudi. Telma aliwasikiliza wote.

— Hebu nikione hicho kipande.

Kamera akachomoa simu. Wakabanana juu ya kioo kidogo. Jafari hakutaka kutazama, akatazama.

Akajiona kavaa suti ya kuazima, kitambi cha foronya, anatembea kama anayeogopa kuikanyaga ardhi aliyoinunua. Akakohoa mara tatu. Akakata utepe. Akafungua bomba: halikutoa hata tone. Akalitazama bomba, akawatazama kuku wa mjomba waliokuwa ndio wananchi, akanyoosha kifua na kusema: "Wananchi, maji yamefika. Ni ninyi tu hamjayaona."

Kipande kikaisha. Wakili alikuwa ameuma mdomo wa chini. Redio alikuwa anaangalia nyuma, barabarani. Somoe kaziba kinywa kwa ncha ya kanga, macho yamemtoka.

— Mbona hamcheki? aliuliza Telma. Hakichekeshi?

Kamera akairudisha simu mfukoni.

Jafari akamtazama mmoja mmoja. Kitu kikamchoma ambacho hakukitegemea, na haikuwa woga. Woga aliujua, alikuwa nao tangu asubuhi. Iliumiza tu kwamba hawakucheka. Alikifanyia kazi kile kikohozi. Siku tisa alijifunza getini, huku amepiga saluti.

— Kamera, lete flashi.

— Geti, fikiri kwanza.

— Lete.

Akaichukua, akamkabidhi Telma.

— Nzima hivyo hivyo. Na bosi mwekeeni kiti cha mbele, asizibwe na mtu.

Bajaji ikaondoka. Ilipokata kona ndipo Somoe akashindwa. Aliachia kanga, akapiga kelele, "Ni ninyi tu hamjayaona!" akakaa chini kabisa kwa kicheko. Redio akafuata, akishika mbavu. Wakili alicheka mpaka betri ikamponyoka mkononi, na Kamera akawa anafuta machozi na ile barua ya wakaguzi.

Jafari alijaribu kucheka nao, mdomo ukakataa. Akavaa kofia ya sare, akafunga kifungo cha juu. Zamu yake ya jioni ilianza saa kumi, na gari la bosi hutoka saa kumi na nusu.