Paka Niliyemtupa Dikoni

Paka ninayeishi naye leo nilimtupa mwenyewe. Nilimtia ndani ya gunia hotelini Diani, nikalifunga mdomo kwa kamba ya katani, nikampakia kwenye bodaboda hadi kwetu Munje, nikamfungulia dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Alikuwa jike, mzee, rangi ya majivu, ncha ya sikio la kushoto imekatwa. Sikugeuka nyuma.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nikisalimu kwanza nitapata nafasi ya kulipunguza. Sasa asalaam aleikum, na wenzetu wa kanisani, hamjambo. Mnazi, tembo hiyo tunayosaidiana kuiacha, umetukutanisha sote hapa Bongwe, haukumuuliza mtu dini yake.

Nilikuwa mtunza bustani wa hoteli kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi niligonga kopo kwa kijiko nyuma ya stoo, na paka wa hoteli walikuja kula mabaki ya jikoni. Walipozeeka, meneja alikuwa akiniambia, "Mzee, wale wachovu waondoe. Wageni wanataka vipaka vya kupiga picha." Nami niliwaondoa.

Mnaijua desturi yetu. Kumuua paka ni dhambi, hakuna anayeitaka damu hiyo. Lakini kumpeleka dikoni tunaona si dhambi, kwa kuwa dikoni kuna matumbo ya samaki, riziki yake ipo. Tunanawa mikono, tunakwenda kuswali. Ndugu zangu, nani kati yenu hajawahi kubeba gunia hilo? Msiangalie chini. Dikoni kuna mbwa. Kuna madume ya paka yaliyozaliwa palepale. Bahari ikichafuka wiki mbili, hakuna hata utumbo mmoja. Asiye na meno atakula nini? Mimi nilijua. Kila niliporudi nyumbani kwa mapumziko, wale niliowapeleka sikuwaona tena.

Kisha goti langu likaharibika. Meneja aliniita ofisini, hakunipa kiti. "Mzee, sasa upumzike. Kwenu si Munje? Samaki hawatakosekana."

Yalikuwa maneno yaleyale niliyokuwa nikisema juu ya paka. Nami nikamjibu, ahsante. Ahsante hiyo inanichoma mpaka leo. Wiki ya mwisho nilimfundisha aliyechukua kazi yangu kila kitu, tangu pampu ya maji mpaka fundo la gunia na diko la kulipeleka.

Nikahamia kwa dada yangu, na mchana nikahamia mangweni, kwa wauza mnazi. Mnazi wa asubuhi, mnazi wa adhuhuri, hamna haja ya kusimuliwa.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa dikoni na kopo langu. Mnazi ulikuwa umeisha, nikaligonga juu ya jiwe kutoa takataka. Paka akatoka chini ya mtumbwi. Mbavu zilihesabika, jicho moja limefumba, sikio la kushoto halina ncha. Alikuja kwa sauti ya kopo. Akakaa hatua tatu kutoka kwangu, akasubiri kulishwa, kama pale nyuma ya stoo.

Sikulia, nisiwadanganye. Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia meneja, halafu nikamkasirikia paka mwenyewe. Kwa nini aje kwangu mimi? Halafu hasira ikakosa pengine pa kwenda.

Nilimwendea mama karanga, yule anayekaanga samaki pale, nikamwomba kichwa cha tafi.

"Leo waomba samaki? Jana waliomba mnazi."

"Si wa kula mimi. Ni wa paka yule."

"Maskini paka, wakili wake mlevi." Akanirushia vichwa viwili. "Kesho saa moja uje uniparie samaki. Ukija wanuka, nitakukaanga wewe."

Dada yangu alipotuona mlangoni alisema, "Mlevi ninaye tayari. Sasa waniletea na kikongwe asiye na meno?" Lakini ni yeye aliyemchemshia paka samaki na kumpondea.

Nilikwenda kupara samaki. Nilijikata zaidi ya nilivyokata samaki. Wiki ya tatu nikateleza. Nilitoka kazini nikaingia mangweni, nikarudi nyumbani kesho yake mchana. Dada alikuwa amekwenda mazikoni Msambweni, na paka hakuwa amekula tangu jana yake. Hayupo. Nilimkuta dikoni, mahali palepale nilipofungulia gunia, mbwa wawili wanamzunguka. Nilikuwa nimemtupa mara ya pili, na safari hii hakuna meneja wa kusingiziwa.

Nilimbeba hadi nyumbani. Tangu siku hiyo sijaonja mnazi, huu ni mwezi wa kumi na moja. Watu huniambia paka amenisamehe. Acheni maneno hayo. Yeye alikuwa na njaa, mimi nilikuwa na kopo. Hata leo hapandi mapajani mwangu. Hulala mlangoni, hatua tatu, akinitazama kwa jicho moja kuhakikisha nimelala ndani.

Namshukuru mama karanga kwa ulimi wake na kwa kazi yake. Namshukuru dada yangu. Nawashukuru nyinyi mliokuwa mkinisindikiza nyumbani ili nisipite njia ya mangweni. Ninaloomba ni dogo: paka wako akizeeka, na azeekee kwako. Na ukitumwa na bosi umwondoe, mwambie aje alibebe gunia mwenyewe.

Jumatatu hii nilipokwenda kupara samaki nilikuta gunia dikoni. Kamba ya katani, na fundo ni langu, lile nililolifundisha. Aliyelileta hakujisumbua hata kulifungua. Fundo lilikuwa bado limekaza, gunia limetoboka ubavuni, manyoya meupe yamenasa kwenye tundu. Sijui ni paka aliyetoboa kutoka ndani au mbwa kutoka nje. Kila asubuhi tangu siku hiyo nagonga kopo pale. Leo pia nimegonga kabla ya kuja hapa. Hajatoka.