Doña Nohemy, Aliyeushuku Ubao Hadi Siku ya Mwisho

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, Doña Nohemy Arboleda Giraldo anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kampuni yetu ya Taludes Arrayán, hapa Manizales. Amekuwa mhandisi wa eneo la kazi, msimamizi, na mwishowe mratibu wa miradi yote. Wakati wote huo hajawahi kumwamini mtu kwa sababu tu ameambiwa amwamini. Tunalisema hili kwa heshima. Kazi yetu ni kuzuia milima isiangukie nyumba za watu, na mlima hauna adabu.

Alifika kwetu akiwa ametoka chuo kikuu, amevaa buti za kaka yake zilizompwaya. Mafundi wa siku zile walidhani amekuja kuchukua picha za gazeti. Baada ya wiki moja tu, alikuwa amewafanya wabomoe ukuta na kuujenga upya kwa sababu hakupenda sauti uliyoitoa alipougonga. Hakuna aliyemuuliza tena habari za gazeti.

Miradi wakati huo tuliiendesha kwa ubao wa chaki na kelele za ukumbini. Kisha ukaja ule wakati kila mtu akafanya kazi nyumbani kwake, na mkurugenzi wetu, mhandisi Aldemar Quiceno, akatuletea ubao wa mtandaoni. Kila kazi ikawa kadi, na kila kadi ikawa na jina la mtu. Ungeweza kuandika maoni, kuweka picha, kumwita mwenzako, na kazi ikikamilika kadi ilifungwa, ikageuka kijani. Tuliupenda siku hiyo hiyo.

Doña Nohemy aliutazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

“Hiki kidoti kilicho kando ya jina langu,” aliuliza, “kinampelekea nani umbeya?”

“Kinaonyesha tu kwamba uko mtandaoni, Doña,” tukamwambia.

“Na nikienda kula?”

“Kinazimika.”

“Aha! Kumbe kinajua nakula saa ngapi.”

Aliiziba kamera kwa plasta ya kidonda. Akiandika jambo ubaoni, alikupigia simu papo hapo: “Nimeandika pale. Nakupigia ujue kwamba aliyeandika ni mimi.” Tulicheka sana. Lakini asidhani mtu kwamba hakuujua ule ubao. Aliusoma kuliko sisi sote, kitufe kwa kitufe, kwa nia ya kuukamata ukidanganya. Kila asubuhi, pamoja na kahawa yake nyeusi isiyo na sukari, alipitia nani kabadilisha nini jana, na ole wako kama ulisogeza kadi yake bila kumwambia.

Tuje sasa kwenye habari za Alto Guamal, kwa maana huwezi kumuaga Doña Nohemy ukairuka Alto Guamal.

Tulikuwa tunajenga ukuta na mifereji juu ya mtaa huo, na mvua za Aprili zilikuwa zimeshaanza. Mhandisi wa eneo la kazi alikuwa Wbeimar Loaiza, kijana mwenye bidii, mwepesi wa kutania na mwepesi wa kuumia. Jumatatu Doña Nohemy alipanda kule peke yake, akakuta mfereji mkuu umejaa tope na vigogo vya mianzi. Alipiga picha, akaiweka kwenye kadi ya kusafisha mfereji, akaandika kwamba umeziba na kwamba Wbeimar apeleke watu kesho yake. Picha ilipanda kwa shida, mtandao wa kule juu ukakatika kabla hajapiga simu, na aliporudi mjini aliitwa kwenye jambo jingine lililomnyima hata kahawa na ubao wa asubuhi hadi Jumatano. Kwa mara moja tu, hakupiga simu kuhakikisha.

Jumatano mchana tulikaa kikao. Mhandisi Aldemar alifungua ubao ukutani, akatabasamu. “Tazameni Alto Guamal. Yote kijani!”

Doña Nohemy akaweka kikombe chini. “Kadi ya mfereji mkuu nani kaifunga?”

“Kadi imefungwa, Doña. Imekamilika.”

“Nauliza nani.”

Mkurugenzi akafungua historia ya kadi. Pale pakasomeka wazi mbele yetu sote kwamba imefungwa na Nohemy Arboleda, Jumatatu.

Tuliangaliana, na lazima tuseme ukweli, wengi wetu tulifikiri jambo moja. Tulidhani mama huyu ameifunga kusudi ili kuuharibia ubao jina. Mmoja alinong'ona hivyo, tena si kwa sauti ya chini sana. Lakini yeye alikuwa ameshamgeukia Wbeimar.

“Juzi jioni ulikaa mezani kwangu. Ulisema unachapisha mchoro.”

“Nilichapisha mchoro.”

“Kwenye kompyuta yangu iliyokuwa wazi. Kwa jina langu.”

“Doña Nohemy!” Uso wa Wbeimar ulibadilika. “Yaani mimi niingie kwa jina lako nifunge kazi isiyofanyika? Niliona kijani, nikajua umewapeleka watu wengine. Ndiyo maana wangu niliwaweka kwenye ukuta. Nimekukosea nini mimi?”

“Kwa hiyo mfereji haujaguswa.”

Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga bati la maegesho.

“Tutagombana baadaye,” alisema, akichukua koti. “Gari la nani liko karibu?”

Lilikuwa la Wbeimar. Walikaa mbele wawili hao, na mwandishi wa haya alikaa nyuma akitamani kuwa kwingine. Tulipofika, maji yalikuwa yanamwagika nje ya mfereji na kuingia moja kwa moja kwenye udongo ulio nyuma ya nyumba. Ardhi ilikuwa imepasuka ufa mrefu unaoingia kiganja.

Tuligonga milango. Doña Fabiola, mwenyekiti wa mtaa, alitoka na simu mkononi. Tulikuwa tumempa nafasi ya kuutazama ubao wetu, naye aliuamini kama tulivyomfundisha.

“Mbona mnatutisha?” alisema. “Hapa kwangu inaonyesha kijani. Mfereji safi. Tazama, hata jina lako lipo!”

“Jina langu lipo na ni uongo,” Doña Nohemy akajibu, maji yakimchuruzika usoni. “Usiiamini hiyo simu, mama. Niamini mimi niliye mbele yako nimelowa.”

Doña Fabiola alimtazama, akatazama simu, kisha akaitia mfukoni na kuanza kuita majirani kwa majina yao. Wbeimar alimbeba mgongoni mzee mmoja aliyegoma kuacha kasuku wake, na kasuku alikuja pia, akitukana njia nzima. Watu walikuwa wameshajaa kwenye ukumbi wa shule mlima uliposhuka. Ulichukua majiko, mabanda ya kuku na ukuta wa nyuma wa nyumba kadhaa. Haukumchukua mtu.

Kesho yake ofisi ilikuwa kama nyumba yenye mwizi asiyejulikana. Watu walibadilisha maneno ya siri, walizima kompyuta wakienda msalani, walikaa mbali na Wbeimar, na wengine walikaa mbali na Doña Nohemy. Wbeimar ndiye aliyeupata ukweli. Alifungua kadi ya majaribio mbele ya mkurugenzi, akaweka juu yake picha ya kiatu chake, na hapo hapo kadi ikageuka kijani.

Mhandisi Aldemar alishika kichwa. Wiki chache kabla alikuwa ameuelekeza ubao kwamba picha ikiwekwa, kadi ijifunge yenyewe kwa jina la aliyeiweka, maana picha kwake ilikuwa ushahidi wa kazi iliyokamilika. Alitutangazia ubaoni, na hakuna aliyelisoma tangazo isipokuwa yeye. Siku ile Doña Nohemy alikuwa likizo. Picha yake ya tope ndiyo iliyotangaza kwamba tope limeondoka.

Doña Nohemy alisimama katikati ya ofisi. “Wbeimar, nilikutuhumu mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu.”

“Nimesikia, Doña,” alijibu. “Lakini bado imeniuma.”

Ilimuuma muda mrefu. Alikula chakula chake kwenye gari, na salamu zao zilikuwa za ubaoni tu. Wakati huo Doña Nohemy alikuwa anapigania utaratibu mpya, kwamba kadi isijifunge yenyewe hata siku moja, na ifungwe na wawili, aliyefanya kazi na mwingine aliyekwenda kuiona kwa macho yake. Ulipopitishwa, kila mtu alichagua rafiki yake wa kumkagua. Yeye alikwenda hadi kwenye gari, akagonga kioo.

“Nataka wewe uwe unanikagua.”

“Mimi? Kwa nini mimi?”

“Nahitaji mtu asiyeniamini hata kidogo.”

Wbeimar alitafuna arepa yake, mkate wa mahindi, hadi mwisho. “Basi hapo umempata,” alisema, akamfungulia mlango akae.

Tangu hapo wamezirudisha kazi zetu sote zirekebishwe, na zao wenyewe kwa wenyewe zaidi. Hakuna mradi wetu uliowahi tena kuwa kijani kwenye simu ilhali ni tope mlimani. Na ofisi ya uratibu kuanzia Jumatatu itakuwa ya Wbeimar. Doña Nohemy ndiye aliyempendekeza, kisha akaja kutuuliza mmoja mmoja kama kuna hila yoyote iliyofanya tukubali haraka hivyo.

Anakwenda Salamina kuishi na dada yake Ofir, mwenye bustani na maneno mengi. Ametuuliza mara kadhaa tunaandika nini humu, na nani kakagua. Tumekagua sote, Doña. Asante kwa kutushuku kwa upendo, na kwa watu waliolala salama kwa sababu yako. Tunakuombea siku tulivu, afya njema, na usingizi mzito hata mvua ikinyesha.

Leonilde Osorio, kwa niaba ya idara ya michoro na wenzako wote