Swichi Tisa na Orodha ya Mtu Mmoja

Asalaam aleikum kwa wa msikiti, Bwana asifiwe kwa wa kanisa, na nyinyi mafundi waya ambao mnaomba tu mvua isinyeshe, nawasalimu pia. Mwenyekiti, asante kutuachia kibanda chako cha kuonyeshea mpira tukae leo. Mimi nitasema nimesimama. Tangu ile shida, miguu yangu imekataa kukaa.

Ndugu zangu, mnanijua. Shule nilitoka darasa la tatu, tena kupitia dirishani. Lakini internet ya Kisugu, kuanzia kliniki mpaka hapa kibandani, ni mimi nimefunga. Swichi tisa, yale maboksi ya kugawa internet, juu ya mapaa tisa. Paa moja ni refu, ukianza kupanda asubuhi unafika saa ya chakula, na juu unakuta kalooli, lile lindege la jalala, limesimama kama askari linataka kitambulisho.

Sasa nani atapanda huko kila siku? Nikaweka ile ya kuingia kwa mbali. Nakaa nyumbani na laptop, nakunywa chai, naingia kwenye swichi, nawapimia watu spidi. Na desturi yetu mnaijua: fundi akienda kijijini kuzika, anaandika paswadi kwenye grupu ya simu ya chama chetu, wenzake wamwangalizie kazi. Kama ufunguo wa nyumba unavyoachwa kwa jirani. Na mimi mwaka huu nimezika watu wengi, banange. Nadhani hata kalooli alikuwa nayo paswadi yangu.

Basi wikendi moja sista wa kliniki ananipigia. Internet imekufa, majibu ya damu hayafiki kutoka maabara upande wa Nsambya. Naingia, nakuta mtu amekata spidi ya kliniki, amebakisha tone la kunywesha kifaranga. Narudisha. Nikigeuka, imekatwa. Narudisha, inakatwa. Simu ilipata moto, ningepasua mayai juu yake ningetoa roleksi, ile chapati ya mayai. Nikawa natembea kutoka kitanda mpaka mlango, mlango mpaka kitanda, mpaka mama watoto akasema sakafu ya saruji imeanza kutoka njia.

Nikabadilisha paswadi, nikashangilia. Jumatano shangazi akafariki. Nikaenda kuzika, na paswadi mpya nikaiandika wapi? Si kwenye grupu! Mnacheka, lakini na nyinyi mngeandika.

Wikendi ikakatwa tena. Jumatatu sista alinisimamisha mlangoni, nyuma yake mama amepakata mtoto wa homa, wanangoja majibu. Hakupaza sauti. "Ssebo, bwana wangu, ikikatika tena Jumamosi hii, njoo uchukue waya zako."

Hiyo kliniki ndiyo jina langu. Ikinitoa, Kisugu yote inanitoa.

Nikapanda boda mpaka Kyambogo, nikaona inachelewa, nikataka kushuka nisukume. Huko kuna dada mmoja Mkenya, kazi yake ni mitandao mikubwa. Nikamweleza yote. Akanitazama, akauliza, "Kaka, hiyo ni swichi ama ni choo cha soko?"

Akanifundisha. Paswadi peke yake haitoshi. Kila kompyuta iko na anwani yake. Unaiandikia swichi orodha: anwani hii iingie, zingine zote zikataliwe. Mtu hata awe na paswadi, akibisha kutoka kompyuta nyingine hafunguliwi. Akarudia mara mbili: andika yako kwanza, ndiyo ufungie wengine.

Mimi na haraka yangu nikaanza na kufungia wengine. Swichi zote tisa, chap chap. Nikatoka. Nikitaka kuingia tena, ndiyo nagundua hao wengine ni pamoja na mimi.

Siku tatu, ndugu zangu, ngazi begani, na waya wa kuchomeka kwenye swichi yenyewe, nifute ile orodha. Mapaa tisa. Kwenye lile refu niliona Kigali. Kalooli akanisogea, akanipisha, kwa huruma.

Ijumaa nikampigia dada tena. Akaniambia kitu ambacho nitazikwa nacho: kabla hujagusa orodha, iambie swichi ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Ukijifungia nje, itaamka imesahau ulichoandika. Ukiingia salama, unafuta hiyo amri, ndiyo unahifadhi.

Jumamosi asubuhi nikaandika. Anwani yangu kwanza. Nikatoka, nikabisha, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Ikafunguka. Nikaenda ya pili, mpaka ya tisa. Jioni nikazunguka nje ya kliniki kama mlinzi aliyepotelewa na bunduki. Saa kumi, saa kumi na moja, haikatiki. Sista akatoka na karatasi ya majibu, akanipita, akamwita mgonjwa wake. Hata hakunisemesha. Sijawahi kufurahi kunyamaziwa hivyo.

Aliyekuwa anaingia simjui, na sitamtafuta. Namshukuru dada, namshukuru sista aliyenivumilia, na mama watoto aliyeshika ngazi. Nawaambia hivi: ukienda kuzika, waachie wenzako namba ya simu, usiwaachie mlango. Mlango uandikie mtu mmoja, na kabla hujafunga, hakikisha huyo mtu ni wewe.

Nilikuwa bado sijakaa, mwenyekiti kwenye benchi la mbele akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe ndiyo maana Jumamosi swichi ilinikataa, mpira ukaganda penalti ikipigwa."