Njia Ilirudi Kabla ya Lebo

Karibu

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi Mkuu, karibu katika ukumbi huu wenye viti vya kuazima kantini. Umekuja kutukabidhi tuzo ya kurudisha njia haraka baada ya kebo yetu kukatwa na wachimba barabara. Tungekupokea kwa vigelegele, lakini nyuso zetu unaziona. Tuna haya, mama, na mficha uchi hazai.

Historia yetu

Kazi hii hufanywa na vyumba viwili vinavyotazamana koridoni. Chumba cha Njia husimamia jinsi mitambo inavyochagua pa kupitisha data. Chumba cha Lebo husimamia ugawaji wa lebo, yaani alama ambazo kila mtambo humpa jirani yake ili mzigo ukifika ujulikane unakoelekea. Mzigo wa hospitali, kwa mfano, ukifika bila lebo hutupwa hapo hapo. Vyumba hivi vilianza kwa kutaniana, vikaishia kununiana. Chumba cha Njia kilizoea kusema, "Sisi tumefungua barabara, kama magari hayana namba ni shauri lenu." Tulikuwa tunacheka.

Mafanikio

Hapa ndipo tungejisifu. Ni kweli kebo iliungwa mapema. Taa ya kebo ilipogeuka kijani, Chumba cha Njia kilipiga makofi, na mitambo ikavuta mizigo yote irudi kwenye njia hiyo. Lakini mitambo ilikuwa bado haijapeana lebo, mazungumzo yake yamekwama, na Chumba cha Lebo kilikaa kikisubiri kuombwa kwa adabu. Kebo ilipokuwa imekatika, data ilizunguka njia ndefu ikafika salama. Ilianza kupotea tulipotengeneza.

Changamoto

Changamoto ni sisi wenyewe. Dada wa dawati la simu alikuja mbio koridoni, akagonga kwanza Chumba cha Njia.

"Kaka zangu, hospitali wanalia. Picha za kifua cha mtoto haziendi kwa daktari bingwa."

"Dada, taa ni kijani. Waambie wazime, wawashe."

"Wameshazima! Nendeni basi mkawaulize wenzenu wa lebo."

"Waje wao. Miguu wanayo."

Aligonga mlango wa pili, akajibiwa vivyo hivyo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtoto alipona, tunashukuru, lakini ni kwa sababu muuguzi alizipiga picha zile kwa simu yake mwenyewe akazituma kwa mtandao wa watu wengine.

Ulipouliza kwenye kikao nani alichelewesha taarifa, Chumba cha Njia kilitazama Chumba cha Lebo, na Chumba cha Lebo kikatazama sakafu. Dada akasema, "Niliwaambia." Ukatuuliza kama ni kweli, na sisi watu wazima wote tukanyamaza. Akasimamishwa kazi yeye, kwa kosa la kuchelewesha taarifa. Siku hiyo hiyo tulikwenda kula, na chakula kilishuka vizuri tu. Hilo ndilo linalotutesa zaidi.

Maombi

Marekebisho tumeshayaweka, na hayakuhitaji hata senti. Sasa njia ikirudi, mitambo huitangaza kuwa ghali kuliko zote, yaani ya kuchaguliwa mwisho, ili mizigo iendelee kuzunguka hadi lebo zipokelewe. Ukuta wa katikati tunaomba ubomolewe. Tuzo tunaomba urudi nayo, hatuwezi kuinyooshea mikono.

Ombi kubwa ni moja. Alituambia, mama. Alituambia vyumba vyote viwili, na mapema. Tunalisema mbele ya kila mtu kwa sababu alifedheheshwa mbele ya kila mtu. Tulimwalika leo, akaja, lakini kitambulisho chake kilichukuliwa aliposimamishwa, na mlinzi hawezi kumruhusu kuingia bila neno lako. Yuko getini sasa hivi, amesimama juani. Tunaomba umfungulie, kisha utuadhibu sisi.

Mola akulinde, akupe moyo wa kusikiliza uliotushinda sisi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Njia na Chumba cha Lebo, kwa sauti moja.