Masomo Manane, Kugawanya kwa Tisa

Tarehe 30 Juni Bi Mwatum Shaame anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi ya mitihani ya chuo chetu hapa Gombani.

Aliajiriwa kuchapa mitihani kwa taipureta. Akajisomesha, akapanda hadi kuwa mkuu wa ofisi. Wahadhiri waliochelewesha alama walimjua kwa swali lake: "Mwalimu, unazisahihisha au unazipika?" Na hakumpa mtu cha bure. Aliyekuja kuomba wastani wa 3.46 wa mpwa wake usomeke 3.5 aliondoka nao vilevile. Wanafunzi wakamwita Bi Nukta. Alijua, na alicheka.

Kwa hiyo msimamo wake wa mwaka huu usidhaniwe ni huruma. Chuo kilifunga siku moja ya Idi. Waliofuata mwezi ulioandama nje ya nchi walisali siku moja kabla, na siku hiyo kulikuwa na mtihani. Khairat, wa mwaka wa mwisho, alikuwa kwao Chokocho kwenye sala. Kanuni inasema asiyefika ana sifuri. Alirudia, akapata 82, yaani A. Kanuni ikaifanya C kwa kuwa ni marudio, na sifuri ikabaki palepale.

Nifanye hesabu, maana kwenye kikao cha kamati ya mitihani haikufanywa. Masomo saba ana A, pointi tano kila moja: 35. Hiyo C moja ina pointi mbili: jumla 37. Masomo ni manane, lakini sifuri nayo inahesabiwa, basi chuo kinagawanya kwa tisa: 4.11. Ufadhili wa kuendelea na shahada, anaoutaka Khairat, unadai 4.4. Gawanya kwa nane, hata na hiyo C yao, unapata 4.625.

"Kafeli huyo," akasema mjumbe mmoja.

"Hakufeli," akajibu Bi Mwatum. "Kala sikukuu tu."

Akakataa kusaini matokeo. Kamati imemnunulia saa ya ukutani, kanuni haikuigusa.

Mimi nilianza hapa getini, mlinzi, nikisoma jioni. Kupiga wastani nilifundishwa na yeye. Tarehe 1 Julai nakalia kiti chake, na matokeo ya Khairat yatakuwa mezani. Tayari nimeshaulizwa, tena mara mbili, kama nitasaini.

Bi Mwatum, ahsante. Kapumzike na wajukuu, Mwenyezi Mungu akupe afya na umri wenye raha. Kwa tisa, sisaini.