Daktari wa Juu ya Duka la Rangi

Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kunyolea, na ng'ambo ya barabara kuna duka la rangi. Vyumba viwili vya juu yake amevipanga daktari mmoja, mwanamke, aliyeacha kazi hospitali kubwa ili afanye utafiti wake mwenyewe. Anataka kujua kwa nini mwili wa mtu unageuka kujishambulia, viungo vikavimba, hata kuinua kikombe ikawa kazi. Juzi alimwomba Seremala, mwenzetu wa benchi, ampeleke mkewe, anayeugua hivyo hivyo, atoe damu kidogo. Seremala akalileta suala kijiweni, na kabla Shangazi, muuza kahawa wetu, hajamaliza kutumiminia, watu wakawa wameshalidaka.

— Usimpeleke! akasema Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hazimiki. Daktari mzima aache mshahara, ajifungie juu ya makopo ya rangi? Damu hiyo inauzwa, bwana. Matajiri wanaongezewa, ndiyo maana hawazeeki.

— Hawazeeki nani? akadakia Breki, dereva mstaafu. Mwenye duka la rangi si huyo anatembelea mkongojo? Mimi nasema ugonjwa unatoka kwenye mnara wa simu.

— Shemeji alianza kuumwa kabla ya mnara, nikamwambia.

— Basi ulikuwa njiani unakuja!

Tukacheka. Seremala hakucheka.

— Nyie chekeni. Mimi kila asubuhi namfunga mke wangu vifungo vya gauni. Hospitali wamempa vidonge hivi na vile, mwisho wakasema ni mawazo tu. Huyu wa juu ndiye wa kwanza kusema anamwamini.

— Akikuahidi kumponya, kimbia, akasema Redio, safari hii kwa upole.

— Hajaahidi kitu. Hilo ndilo linaniumiza kichwa.

Wakati huo huo daktari mwenyewe akavuka barabara, akaomba kahawa, akaketi pembeni ya benchi.

— Hamjambo wazee wangu?

— Hatujambo, binti, akajibu Redio. Dawa unayo?

— Sina.

— Sasa damu ya watu ya nini?

— Wagonjwa hawa hawafanani, mzee. Mmoja ugonjwa ulimwanza baada ya homa, mwingine baada ya kujifungua. Nikijua ulivyomwanza kila mmoja, kisha nikatazama damu yake, huenda nikaona njia unayopitia. Huenda pia nisione.

Akamgeukia Seremala.

— Mkeo ulimwanzaje?

— Ulianza... vidole. Au magoti. Ngoja...

Akanitazama mimi. Nikamtazama Shangazi. Seremala akaweka kikombe chini, akaondoka kuelekea nyumbani.

Kesho yake alinisimulia. Alimkuta mkewe ameketi kitandani, akamuuliza. Mama wa watu akamkazia macho kwanza.

— Leo ndiyo unauliza? Ulianza kipindi kile nilipoacha kukufulia nguo, ukasema nimekuwa mvivu. Mikono ilikuwa haikunjiki.

— Ukanyamaza tu?

— Ulikuwa umeshapata jibu lako.

Asubuhi hiyo niliwaona wakipanda ngazi za duka la rangi, wakisimama kila shemeji alipotaka kupumua. Mlango ukafunguliwa. Daktari akauliza la kwanza pale pale mlangoni, na Seremala akafunga mdomo wake, akamwacha mkewe aseme.