Mama Koleta na Nyasi za Namba Tisa

Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti 2025, Mama Koleta Mmbaga anastaafu baada ya kuitumikia Klabu ya Gofu Mlimboni kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kama kibarua wa kung'oa magugu, akapanda hadi kuendesha mashine ya kukata nyasi, na sasa anaondoka akiwa msimamizi mkuu wa viwanja. Kamati imeniomba mimi, Swalehe Iddi wa kantini, niandike wasifu wake kwa sababu dirisha la jikoni kwangu linatazama uwanja karibu wote, na kwa sababu wengine wote walioombwa walisema wanamwogopa. Na mimi namwogopa, ila nimeshazoea.

Wengi watakaosoma programu hii leo ni ndugu na majirani zake wasiocheza gofu, kwa hiyo niwaeleze mapema. Mchezo wenyewe ni kupiga kampira kadogo kwa fimbo hadi kaingie shimoni. Hapa Mlimboni tuna mashimo tisa. Kila shimo liko kwenye uwanja mdogo wa nyasi fupi tunaouita grini, na limesimamishiwa bendera. Njiani kuna mashimo mengine makubwa ya mchanga, yanaitwa banka, na hayo yamechimbwa makusudi ili kumtaabisha mchezaji. Ukishayajua hayo umejua mengi kuliko Mama Koleta alivyojali kujua kwa miaka thelathini na mmoja.

Kwake yeye gofu ni ugonjwa unaoshika nyasi, na wachezaji ni mifugo iliyovaa kofia. Sijawahi kumwona akifuatilia mpira ulikokwenda. Yeye huangalia miguu. Mchezaji akipiga vibaya na kung'oa kipande cha udongo, Mama Koleta hutokea sijui wapi na ndoo yake, akasimama nyuma yake mpaka kile kipande kirudishwe mahali pake na kukanyagwa vizuri. Mgeni mmoja mwenye cheo kikubwa, ambaye kwa heshima sitamtaja, alipiga magoti na suruali nyeupe akapanda nyasi kwa mikono yake miwili. Alipomaliza alimshukuru, ingawa sidhani kama alijua anashukuru nini.

Jikoni kwangu ametoza kodi ya kila aina. Amechukua majivu, maganda ya mayai, majani ya chai yaliyokwisha chujwa, na maji ya kuoshea vyombo. Wakati fulani alinikataza sabuni ya unga kwa kuwa grini ya tatu, iliyokuwa ikinywa maji yale, haikuipenda. Nikarudi kusugua masufuria ya pilau kwa majivu kama alivyofanya bibi yangu, na siku ya pili akaja kuyadai hayo majivu.

Halafu kuna kisa cha kondoo. Mashine ya kukatia nyasi ilitufia wiki ile ile tuliyotarajia wageni kutoka Moshi, naye akaenda kuazima kondoo kwa jirani zetu Wamasai wa kule tambarare. Kondoo walikata nyasi vizuri mno. Waliacha na mbolea, na mgeni mmoja mwenye macho dhaifu alijipanga kwa makini sana kupiga kitu ambacho hakikuwa mpira. Kamati ilimwandikia Mama Koleta barua ya onyo, naye akajibu kwamba kondoo hawajawahi kulalamikia wageni.

Lakini kazi yake kubwa ni ya kipupwe. Kuanzia Juni upepo wa mlima Shengena unaposhuka na watu wakaanza kuvaa masweta, wakulima huwa wamekwisha vuna na maji ya mfereji yanapata nafasi. Hapo ndipo tunafunga sehemu ya uwanja na kuutengeneza: ardhi inatobolewa kwa uma ipumue, mchanga mpya unamwagwa, mifereji inazibuliwa, miti inapunguzwa matawi. Wachezaji wananuna, na Mama Koleta anang'aa.

Zamani grini zetu zote zilikuwa za mchanga uliochanganywa na oili chafu, kwa sababu wilaya yetu ya Same ni kavu na hakuna aliyeamini kwamba nyasi zingekaa. Watu walitoka kucheza wakinuka gereji. Mama Koleta ndiye aliyesema oili iondoke na ukoka upandwe, grini moja kila kipupwe, maji yakitoka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee huko mlimani, kwa zamu kama wakulima wengine. Alimcheka kila aliyemcheka, na nane zikawa kijani. Ikabaki ya tisa, iliyoko kwenye mteremko chini ya dirisha langu. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili maji yalikimbia bondeni kabla nyasi hazijayaonja.

Mwenyekiti wetu, Mhandisi Sadock Mrutu, ni mtu mpole, na katika hili alikuwa na haki. Alisema maji ni ya kugombewa, na klabu haiwezi kuendelea kuyalowesha mawe wakati watu wana kabichi zinazonyauka. Kamati ikaamua kwamba kipupwe cha mwaka huu ndicho cha mwisho. Namba tisa ikiwa haichezeki kufikia mashindano ya Agosti, itarudishiwa mchanga na oili, na hapatakuwa na mjadala tena.

Mama Koleta aliposikia hivyo hakukanyaga jikoni kwangu wiki nzima. Nilijua ni zito kwa sababu hata majivu hakuja kuchukua. Alipokuja hatimaye, alikaa kwenye gunia la mkaa akaniambia kwamba angeweza kustaafu akaacha uwanja wenye ukame, au wenye mchwa, lakini kustaafu akaacha oili nyuma yake hawezi. Nilimwonea huruma kwelikweli, na nikamwongezea sukari kwenye chai bila kumwuliza.

Trekta aliloahidiwa kwa kazi hiyo halikuja. Juni ilikuwa imeanza kumwagika mikononi mwake, ndipo akapanda hadi kijijini kwake Mkwajuni kumwona Mzee Vitus, kiongozi wa msaragambo. Kwa Mpare neno hilo halihitaji maelezo, lakini kwa wageni wetu wa Tanga: baragumu likilia alfajiri, kila kaya inatoa mtu mwenye jembe, na kazi ya wote inafanywa na wote. Mzee Vitus alikubali bila shida, kwa kuwa mfereji ni mmoja na Koleta ni mtu wao. Mama Koleta akawaeleza wanakijiji la kufanya: waondoe mchanga wa oili uliobaki, waweke udongo, wapande ukoka. Kisha akaongeza kwamba mengine wafanye kama lingekuwa shamba lake mwenyewe. Siku ya kazi ilipofika, yeye akaenda zake ndiva kukaa na wazee wa maji juu ya zamu.

Hilo neno la shamba ndilo lililotufikisha tulipofika. Watu wa Mkwajuni walishuka wakiimba, wakafanya grini kwa uzuri ambao sijauona maishani. Lakini walipoinua macho wakaona mteremko mzima wa namba tisa umekaa uchi, hauna hata tuta moja. Watu waliokulia milimani hawawezi kupita jambo kama hilo. Walimsikitikia mwenzao. Wakachimba matuta ya kukinga maji kuanzia juu hadi chini, yamenyooka kwa kamba, na kingo zake wakazipanda matete. Waliyakuta mabanka mawili, wakayaona ni makorongo yaliyoanza kula ardhi, wakayafukia na kuyashindilia. Walimwaga samadi kila mahali. Na katikati ya grini, walipokuta shimo dogo lililochongwa vizuri ambalo mtu alikuwa amelisahau bila kupanda kitu, walilipanua kidogo wakaweka chipukizi la mgomba. Bendera wakaitumia kuliegemezea.

Mama Koleta alirudi saa ya ugali, na habari njema za zamu ya maji mdomoni. Alitazama mteremko kwa muda, halafu akakaa chini palepale aliposimama. Mzee Vitus alimwendea na jembe begani, akiwa na uchungu wa kaka aliyefichwa jambo.

"Koleta mdogo wangu," akamwambia, "miaka yote hii unaishi na mteremko usio na matuta, na hukutuambia?"

Na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu kufukua kazi ya msaragambo ni kuwaambia watu kwamba jasho lao lilikuwa takataka, na maji hupita kwao kabla hayajafika kwetu. Akivunja matuta, anapoteza maji na majirani. Akiyaacha, Mwenyekiti ana haki ya kuleta mapipa ya oili kesho yake.

Mhandisi Sadock alikuja, akavua kofia, akaagiza chai asiinywe. Jioni ile alisoma sheria za gofu kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta inayokataza matuta, na hakuipata. Basi akasema uamuzi ni uleule: Agosti mpira lazima uchezeke pale, na namna ya kuufanya uchezeke aijue Mama Koleta mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada Mama Koleta alisimama mbele ya watu wa Mkwajuni na kufanya ambalo hajawahi kulifanya, akaeleza gofu. Kwanza aliwashukuru kwa matuta, na akasema yatabaki. Kisha akaomba mgomba uhamishwe, na mabanka yachimbwe upya, maana wachezaji huyataka ili wapate tabu. Bibi mmoja akauliza kama watu hao wana familia. Mzee Vitus alifikiri sana, mwisho akasema kama ni hiari yao basi wasinyimwe. Wakashuka mara ya pili, na safari hii walichimba kwa moyo mweupe, bila huruma. Banka ya kushoto sasa ina ngazi ya kupandia. Mgomba umehamia nyuma ya kantini yangu na una afya njema.

Baada ya hapo ilikuwa ni kusubiri nyasi. Maji yalipofika kwenye matuta yalitulia, yakazama. Ukoka ukaanza kutambaa. Mama Koleta alikuwa akija asubuhi kabla sijawasha jiko, anainama juu yake, anauambia mambo ambayo mimi na wafanyakazi wenzangu hatujawahi kuambiwa hata siku za sikukuu. Katikati ya Agosti ulikuwa umeshika kote isipokuwa upande wa chini, ambako kulibaki upara kama kichogo cha mtoto mchanga. Akaja na sururu akakata nyasi zote za mbele ya kantini, akazihamishia pale. Wateja wangu wakanywa chai juu ya vumbi, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mashindano yalikuwa Jumamosi iliyopita. Klabu yetu ilikuwa haijawahi kuwa na watazamaji tangu iundwe. Siku hiyo Mkwajuni nzima ilishuka imevaa nguo za kanisani, ikaketi kwenye matuta ya namba tisa, mstari juu ya mstari, kama jukwaa lililojengwa kwa ajili hiyo. Hawakujua alama wala mshindi. Walichojua ni kwamba ile ni kazi yao, na kila mchezaji aliyepita walimwangalia miguu. Bwana mmoja wa Tanga alipong'oa kipande cha nyasi, mteremko mzima uliguna, na mzee mmoja akashuka na jembe kukirudisha huku yule bwana akiomba radhi kwa kila aliyekuwa karibu.

Mwenyekiti alikuja wa mwisho. Mpira wake ulitua kwenye grini, mbali na shimo. Mama Koleta alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona anaangalia mpira. Mhandisi Sadock aliusukuma. Ukaenda taratibu, ukapita pale palipokuwa na upara bila kuruka wala kuyumba, ukasimama kando ya shimo. Akaumalizia. Kisha akainama, akapapasa nyasi kwa kiganja, akaelekea alikokuwa yeye.

"Hapa oili haitarudi, Mama Koleta," alisema.

Mama Koleta alilia waziwazi, mbele ya watu, na hakusingizia vumbi. Mimi pia nililia dirishani, na vitunguu nilikuwa sijaanza kukata.

Tulidhani yamekwisha, tukaanza kupakua wali. Ndipo Mzee Vitus aliposimama kwenye tuta la juu kutangaza kwamba wazee wamekaa, na namba tisa imeingizwa rasmi kwenye kazi za msaragambo, pamoja na mfereji na barabara ya zahanati. Kila kipupwe kijiji kitatoa siku moja. Akasema pia kwamba kuanzia Septemba Koleta Mmbaga si mtu wa klabu tena, ni kaya kama kaya nyingine, na kaya isiyoleta jembe inatozwa kuku. Mama Koleta akafuta macho, akaanza kupinga kwamba yeye anastaafu, ana magoti mabovu, na ana tangawizi zake za kulima huko Mamba.

"Umestaafu klabu," Mzee Vitus akamjibu. "Kijiji bado."

Mama Koleta, kwa niaba ya kamati, wafanyakazi, wachezaji uliowapigisha magoti na jiko ulilolitoza kodi, tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakutakia mapumziko mema, magoti yenye nafuu na tangawizi zenye bei. Tutaonana Juni kwenye msaragambo, na wengi wetu tunaomba uchelewe, kwa sababu kuku wako ni wanono na mpishi tayari yupo.